Birmingham na safari ndefu ya dawa ya saratani

Kidonge kinachotolewa leo katika hospitali nyingi duniani kwa wagonjwa wa aina kali mno ya saratani ya ubongo kilianzia katika maabara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Aston, katikati ya jiji la Birmingham, nchini Uingereza. Kemikali yake, iitwayo temozolomidi, ilitengenezwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Idhini ya kuiuza Ulaya na Marekani ilipatikana mwaka 1999.

Kati ya nyakati hizo mbili imepita karibu miaka 20. Kwa sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba kemikali hiyo huzuia seli za saratani kukua. Msomaji ana haki ya kuuliza: ikiwa seli zilikwisha kufa maabarani, kulikuwa na haja gani ya kungoja muda wote huo?

Swali hilo lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea mwilini, na ambako habari kwamba mmea au unga fulani umethibitishwa kuua seli za saratani hupita upesi kutoka simu hadi simu. Aghalabu habari hizo si uongo mtupu. Huwa zinasimulia hatua ya kwanza ya safari kana kwamba ndiyo ya mwisho.

Seli isiyosikia amri

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli nyingi mno zisizoonekana kwa macho. Kila seli huzaliwa kwa kugawanyika kwa nyingine, hufanya kazi yake, na muda wake ukifika hufa na kuachia nafasi. Amri za kugawanyika, kutulia na kufa zimeandikwa ndani ya seli yenyewe, katika uzi mrefu wa vinasaba ujulikanao kama DNA.

Saratani huanza pale maandishi hayo yanapoharibika kiasi cha seli kuacha kutii. Hugawanyika isipotakiwa, hukataa kufa, na hatimaye huvamia viungo jirani au kusafiri kwa njia ya damu na kutia mizizi kwingineko.

Ugumu wa kuitibu unatokana na asili hiyo. Kimelea cha malaria ni mgeni mwilini, na dawa inaweza kumlenga bila kuwagusa wenyeji. Seli ya saratani ni mwenyeji aliyeasi. Inakula chakula kile kile, inatumia mitambo ile ile na ina umbo linalokaribiana na la jirani zake wazima. Kila kinachoidhuru kina uwezekano wa kuwadhuru na wao.

Kinachoonekana katika sahani

Hatua ya kwanza ya utafiti hufanyika ndani ya sahani ya plastiki yenye ukubwa wa kiganja cha mkono na vishimo vidogo 96. Katika kila kishimo hutiwa seli za saratani pamoja na maji yenye sukari, chumvi na virutubisho. Kisha sahani huwekwa katika kabati lenye joto la nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili.

Seli zikishatulia, mtafiti huongeza kemikali anayoipima. Kishimo kimoja hupata kiasi kikubwa, cha pili kiasi pungufu, na kuendelea hivyo hadi vile ambavyo havipati kitu. Baada ya siku mbili au tatu hutiwa rangi ya manjano ambayo seli hai peke yake huweza kuigeuza zambarau. Kadiri zambarau inavyofifia ndivyo seli zilizobaki hai zilivyo chache. Mashine husoma rangi hizo, na mtafiti hupata kiwango kinachopunguza ukuaji wa seli kwa nusu.

Jaribio hilo ni la lazima, ni la haraka na halina gharama kubwa. Lakini lina mipaka yake. Ndani ya kishimo hakuna ini la kuivunja dawa, hakuna figo za kuitoa, hakuna moyo wala uboho wa mifupa unaoweza kudhurika. Siki ikitiwa humo itaua seli za saratani. Chumvi nyingi itaziua. Maji ya klorini yanayong'arisha nguo nyeupe yataziua zote kwa dakika chache. Hakuna mtu ambaye angeyanywa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo swali zito huanza baada ya sahani: je, kiasi kinachoua seli hizo kinaweza kufika penye uvimbe ndani ya mtu aliye hai, na mtu huyo akabaki salama?

Dawa iliyoponya panya

Kikundi cha Aston kiliongozwa na Profesa Malcolm Stevens, mwanakemia wa dawa, kikisaidiwa na shirika la hisani la Cancer Research Campaign na kwa ushirikiano na kampuni ya dawa ya May & Baker. Watafiti hao hawakuanza kwa kutafuta dawa ya ubongo. Walivutiwa na molekuli ambazo atomu zake kadhaa za nitrojeni zimeungana na kufanya pete, jambo linaloifanya molekuli iwe kama mtego uliotegwa, tayari kufyatuka.

Molekuli ya kwanza yenye matumaini iliitwa mitozolomidi. Ilifanya vyema katika sahani, na katika panya ilifanya vyema zaidi: uvimbe wa aina mbalimbali ulitoweka. Kwa ushahidi wa wakati huo, kulikuwa na kila sababu ya kuwapelekea wagonjwa.

Ilipofika kwa binadamu, mambo yaligeuka. Mitozolomidi iliudhuru uboho wa mifupa, mahali ambapo damu hutengenezwa. Chembe zinazogandisha damu zilishuka vibaya, na zilishuka kwa namna isiyotabirika: mgonjwa mmoja alistahimili kiasi kilichomwangusha mwenzake. Dawa ambayo daktari hawezi kukisia kiwango chake salama haitibiki nayo. Ikaachwa.

Hapo ndipo wengi wangekata tamaa. Watafiti walirudi kwenye kemia na kuuliza ni sehemu gani ya molekuli iliyoleta maafa. Mitozolomidi ilikuwa na mkia wenye klorini, na mkia huo uliweza kuzifunga pamoja nyuzi mbili za DNA, kama mtu anayeshona pande mbili za kanzu zisizopaswa kushonwa. Katika temozolomidi mkia huo uliondolewa, na mahali pake pakawekwa kikundi kidogo cha kaboni moja na haidrojeni tatu, kiitwacho methili. Badiliko lilikuwa dogo, na tofauti yake ikawa kubwa.

Namna kidonge kinavyofanya kazi

Temozolomidi ina tabia tatu zilizoifaa kazi yake.

Kwanza, haivunjiki katika tindikali ya tumbo, na karibu yote huingia katika damu. Ndiyo maana mgonjwa huimeza kama kidonge badala ya kulazwa kwa ajili ya dripu.

Pili, molekuli yake ni ndogo kiasi cha kupenya ukuta wa asili unaoulinda ubongo. Ukuta huo huzuia sumu nyingi zisifike humo, lakini huzuia pia dawa nyingi za saratani.

Tatu, inafyatuka yenyewe. Katika tindikali hutulia, lakini ikiingia katika damu, ambayo si ya tindikali, huanza kuvunjika pasipo kuhitaji ini kuiamsha. Katika muda wa karibu saa mbili nusu ya dawa huwa imebadilika na kuachia kikundi cha methili, ambacho hujishikiza kwenye DNA.

Maandishi ya DNA yana herufi nne, na kila herufi ina mwenzi wake. Methili ikijibandika mahali fulani kwenye herufi iitwayo guanini, herufi hiyo humkosea mwenzi wake seli inapojinakili. Mafundi wa asili waliomo ndani ya seli huliona kosa hilo na kulikata ili walisahihishe, lakini hulikata upande usio sahihi, kwa kuwa methili ingali upande wa pili. Wanakata, wanajaza, wanakuta kosa lile lile, wanakata tena. Mwishowe uzi hukatika, na seli hufa.

Seli zinazogawanyika upesi ndizo zinazopatwa zaidi na mkasa huo. Hata hivyo mwili mzima hausalimiki kabisa. Kichefuchefu, uchovu na kupungua kwa chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu ni madhara yanayojulikana, na mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara.

Kutoka kwa wagonjwa wa kwanza hadi idhini

Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalianza mwaka 1987 katika hospitali ya Charing Cross, London, chini ya Profesa Edward Newlands. Mwanzoni wagonjwa walipewa dozi moja kwa mkupuo, na matokeo yalikuwa hafifu. Dozi ilipogawanywa na kumezwa kwa siku 5 mfululizo, uvimbe wa baadhi ya wagonjwa ulianza kunywea. Dawa haikuwa imebadilika, ila ratiba ya kuimeza. Hakuna sahani ambayo ingeweza kulifundisha jambo hilo kwa uhakika.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992, na kampuni ya Schering-Plough ya Marekani ikachukua jukumu la kuiendeleza. Dawa iliingia sokoni kwa jina la Temodal, na nchini Marekani Temodar.

Jaribio lililoithibitisha hasa lilitangazwa mwaka 2005. Chini ya Dakta Roger Stupp wa Lausanne, Uswisi, wagonjwa 573 wenye glioblastoma, saratani kali ya ubongo, waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa tiba ya mionzi peke yake, na nusu mionzi pamoja na temozolomidi. Katika kundi la kwanza nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 12.1, na katika kundi la pili zaidi ya miezi 14.6. Waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 10.4 katika kundi la kwanza, na asilimia 26.5 katika lile lililopewa dawa.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa kwa utulivu. Miezi miwili na nusu si uponyaji, na glioblastoma ingali ugonjwa unaoua wengi wa wanaoupata. Lakini katika kila wagonjwa 100, zaidi ya 15 waliouona mwaka wa pili wasingeuona kwa mionzi pekee. Kwa mzazi mwenye mtoto mdogo, hilo si jambo dogo.

Uchunguzi mwingine wa mwaka huo ulieleza kwa nini baadhi hufaidika kuliko wengine. Seli zina protini iitwayo MGMT, ambayo kazi yake ni kuibandua methili kutoka kwenye guanini. Palipo na protini hiyo kwa wingi, kazi ya dawa hufutwa kabla haijadhuru. Ambapo uvimbe wenyewe umeizima protini hiyo, nusu ya waliopewa mionzi pamoja na dawa waliishi zaidi ya miezi 21.7, dhidi ya 15.3 kwa mionzi peke yake. Leo uvimbe huweza kupimwa ili daktari ajue ni matumaini ya kiasi gani ampe mgonjwa.

Kampala, Birmingham na Blantyre

Birmingham ina uhusiano mwingine na utafiti wa saratani, na huo unaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa ajabu wa taya. Mwaka uliofuata aliandika juu ya ugonjwa huo, ambao sasa unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waligundua kirusi katika seli za uvimbe zilizopelekwa London kutoka Uganda. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu. Tangu miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Birmingham, chini ya Profesa Alan Rickinson na wenzake, kimekuwa miongoni mwa vituo vikuu duniani vya kukichunguza.

Uvimbe huo hukua upesi mno, na kwa sababu hiyo hiyo huitikia dawa upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi waliona watoto wakipona kwa dawa peke yake, bila kisu, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa nadra popote duniani. Kituo cha tiba ya limfoma kilichofunguliwa Kampala mwaka 1967 ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Katika chuo hicho hicho cha Birmingham, Profesa Chris Bunce na wenzake walichukua njia tofauti na ile ya Aston. Badala ya kutengeneza molekuli mpya, walizipima dawa za zamani ambazo usalama wake umekwisha kujulikana. Mbili zilijitokeza: bezafibrati, inayopunguza mafuta katika damu, na medroksiprojesteroni, homoni ambayo akina mama wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kama sindano ya uzazi wa mpango. Katika sahani, dawa hizo mbili kwa pamoja zilizuia ukuaji wa seli za saratani ya damu na za limfoma ya Burkitt. Mwaka 2015 watafiti hao walieleza kwamba zinaivuruga seli katika kutengeneza aina fulani ya mafuta inayoyahitaji ili kuishi.

Wazo lilikuwa zuri kwa nchi maskini: dawa za bei nafuu, zisizoudhuru uboho. Zilijaribiwa kwa wagonjwa wazee wa saratani ya damu Uingereza, na kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt huko Blantyre, Malawi. Pamoja na matumaini hayo, mpaka leo hazijawa tiba ya kawaida. Nazo zingali njiani, mahali ambapo mitozolomidi ilikwama na temozolomidi ikapita.

Majani ya mstafeli

Ni kwa kipimo hicho habari za mitishamba zinapaswa kupimwa. Mfano unaojulikana sana ni mstafeli. Ni kweli kwamba kemikali zilizomo katika majani yake huua seli za saratani katika sahani, kwa kuuzima mtambo unaoipa seli nishati. Lakini mtambo huo umo katika karibu kila seli ya mwili, zikiwemo za ubongo. Hakuna jaribio la kuaminika lililoonyesha kwamba majani hayo yanamponya binadamu saratani, na katika kisiwa cha Guadeloupe matumizi ya muda mrefu ya mmea huo yamehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson.

Hilo halina maana kwamba mimea haina dawa. Vinkristini, moja ya nguzo za kutibu limfoma ya Burkitt, hutokana na ua dogo la asili ya Madagaska linalopandwa katika bustani nyingi za pwani. Waliolichunguza mwanzoni walikuwa wakitafuta dawa ya kisukari, wakaona kwamba chembe nyeupe za panya zinapungua. Kutoka hapo kemikali ilichujwa, ikapimwa, kiwango chake kikajulikana na madhara yake yakaandikwa. Mtu anayechemsha ua hilo nyumbani hanywi vinkristini; anakunywa mchanganyiko wa sumu nyingi ambazo hajui kiasi chake.

Mgonjwa au jamaa anayesikia kwamba kitu fulani kinaua seli za saratani anaweza kuuliza maswali manne. Kiliziua wapi: katika sahani, katika panya, au ndani ya watu? Watu hao walikuwa wangapi, na walilinganishwa na nani? Waliishi muda gani zaidi? Na madhara yake ni yapi? Muuzaji asiyeweza kujibu swali hata moja hana dawa, ana bidhaa.

Hatari kubwa zaidi si fedha zinazopotea, bali muda. Limfoma ya Burkitt inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto anayecheleweshwa mwezi mmoja akinyweshwa majani anaweza kufikishwa Mulago au Ocean Road, Dar es Salaam, wakati ambapo dawa inayoponya haiwezi tena kumfaa.

Lawama, hata hivyo, haziwezi kutupiwa familia peke yao. Temozolomidi huanza kutolewa sambamba na mionzi, na mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, nyingine ikazinduliwa mwaka 2018. Asiyeiona tiba karibu naye ataitafuta popote anapoahidiwa.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vyaundwa. Kidonge cha Birmingham kiliundwa kwa karibu miaka 20, kwa mikono ya wanakemia, kwa panya wengi, na kwa ridhaa ya wagonjwa ambao baadhi yao walijua kwamba faida yake, kama ingekuwapo, ingewafikia wengine.